Mwaka wa Lenzi ya Mia

Imelda alinipigia simu nikiwa nimesimama juu ya kiti, nabadilisha taa iliyoungua katika studio yangu hapa Kasulu. Nilipokea bila kushuka. Mimi ni mtu wa kufanya mambo mawili kwa mpigo, tabia iliyonivunjia vyombo vingi. Akasema, "Dada Yusta, mama ametutoka." Ndipo nikashuka, nikakalia kile kiti, taa bado mkononi. Tulilia, kila mmoja upande wake wa simu, kisha akaja kwenye jambo alilonipigia. Mazishi yangekuwa Kibondo, keshokutwa, na fremu ya picha ilikuwa haina picha. Kwetu siku hizi jeneza halitoki nje hivi hivi. Mmoja anatangulia na msalaba, wa pili anafuata na picha ya marehemu, ndipo wanakuja wabebaji. "Iliyopo ni ya kitambulisho tu," Imelda alisema, "na mama aliacha neno. Alisema, mkiniweka ile nitaamka niwachape. Wewe ulifanya naye kazi. Lazima una picha yake." Nikamjibu kwamba nitatafuta. Nilisema hivyo huku najua. Sura nilizopiga maishani mwangu sina hesabu yake, lakini ya Mama Imelda haimo hata moja, na haimo kwa sababu nilimwahidi.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na ushei, nikiwa nimeshaacha cherehani, duka la pembejeo na uchumba mmoja, vyote kwa sababu moja: nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inawasha. Kamera ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza iliyoniruhusu kutangatanga na bado nikaitwa mfanyakazi. Studio ya Mama Imelda ilikuwa nyuma ya soko la Kibondo, chumba cha mbele na chumba cha ndani. Cha mbele kilipakwa rangi ya buluu kote, na kwenye ukuta mmoja fundi wa mabango alichora ziwa, ndege ya abiria na maua makubwa kuliko ndege. Watu wa Mabamba waliokuja mnadani walipenda kusimama chini ya bawa la ile ndege, suti ya kuazima mabegani. Chumba cha ndani kilikuwa jiko, ofisi na chumba cha kulala cha Imelda akija likizo kutoka shule ya bweni. Humo kompyuta ilikaa meza moja na kinu cha kutwangia viungo, na ukitaka kuwasha kompyuta unahamisha kinu. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, siku nzuri kukawa na dagaa, na Mama Imelda alikuwa hali mpaka anawe, aketi, ashukuru, apumue. Mimi nilikula nimeegemea mlango. "Yusta we," alikuwa akiniambia, "hicho chakula kinashuka wapi na wewe huna tumbo, una miguu tu?"

Ukuta wa kushoto tulichangia na kinyozi, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo habari zote za wilaya zilitufikia zikiwa bado mbichi. Mwaka ule habari zilikuwa za kambi za wakimbizi. Kila asubuhi sauti moja ilisema kambi zinafungwa, nyingine ikasema zimefungwa mara ngapi na bado zipo, ya tatu ikalia sikio limeguswa na wembe. Watu waliokuwa wanarudi Burundi walikuja kupiga picha za kuagana, na waliokuwa wanabaki walikuja kupiga picha na wanaorudi. Mama Imelda aliwapanga wote, akawanyoosha kola, akawaambia kwa Kiha na Kirundi na Kiswahili wafumbe midomo, na hata siku moja sikumwona akisimama upande wao wa kamera. Nilidhani ni unyenyekevu wa watu wa kanisa. Haukuwa unyenyekevu.

Kazi iliyomlisha hasa haikuwa ya walio hai. Ilikuwa ya kukuza wafu. Mtu anafiwa, ndani ya nyumba hakuna picha ila kipande kidogo kilichobanduliwa kwenye kadi ya zamani, au kichwa kimoja nyuma ya watu katika picha ya harusi ya jirani, kichwa cha ukubwa wa punje ya harage. Analeta, anasema, "Mama Imelda, mtoe." Kumtoa maana yake ni kumpiga picha yule mdogo, kumkuza, kumsafisha mikwaruzo, kumweka kwenye fremu. Alikuwa ndiyo kwanza amenunua kamera ya dijitali, lakini lenzi yake haikukubali kusogea karibu, hivyo alifunga kioo cha kukuzia mbele yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Katikati picha ilitoka safi, pembeni ukungu. Marehemu wengi wa Kibondo walisindikizwa wakiwa hawana masikio. Ilimuudhi, na mimi ilinichekesha, mpaka alipokuja bwana shamba.

Huyu alikuwa kijana wa Bukoba aliyehamishiwa Kasulu, akaja kupiga picha ya pasipoti, akabaki analalamika kuhusu mihogo. Alikuwa anazunguka vijijini kufundisha watu juu ya batobato, ule ugonjwa unaokunja majani ya muhogo, na mdudu anayeueneza ni nzi mweupe mdogo anayejificha chini ya jani. "Nikiwaambia wakulima kuna nzi, wanaangalia, hawaoni kitu," alisema. "Nahitaji picha. Kubwa, nzi aonekane mpaka macho. Atakayenipigia nitamchukua tuzunguke naye wilaya zote hizi, na mradi ukipanda, tutavuka hata mkoa." Niliacha kufumba mdomo. Kuzunguka wilaya zote! Toka hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nakata picha za pasipoti huku naona barabara, naona milima ya Munanila, naona mimi na begi langu nikishuka kwenye gari la mradi. Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho ni lenzi. Na lenzi hiyohiyo, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ndiyo Mama Imelda naye alikuwa anaitafuta kwa ajili ya wafu wake. Uwezo ulikuwa wa kununua moja.

Tulisikia ipo Kasulu. Mzungu mmoja aliyefanya kazi kambini alikuwa ameondoka akamwachia dereva wake vifaa kama zawadi ya kuagana, na dereva, Shabani, mtu wa Ujiji, hakuwa na kamera wala haja nayo. Tulikwenda mimi na Mama Imelda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Shabani alitukaribisha sebuleni kwake, kwenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, akaleta kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kulikuwa na mchele, na ndani ya mchele kulikuwa na lenzi mbili. "Mchele unakula unyevu," alieleza. "Huku kwenu milimani mvua haina adabu. Lenzi ukiiacha kabatini inaota ukungu ndani kama mkate." Tukazimulika kwa tochi moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa safi. Moja fupi, nene, nyepesi mkononi. Nyingine ndefu na nzito. Kwa namba zilizoandikwa ubavuni, wapiga picha huziita ya hamsini na ya mia.

Zote mbili zinakuza sawasawa. Hilo watu wengi hawalijui, na mimi siku ile nilikuwa silijui. Nilidhani ndefu inakuza zaidi. Tofauti ni mahali unaposimama. Ya hamsini inakutaka uende mpaka karibu kuligusa jambo lenyewe. Nilijaribu kwa nzi aliyekuwa kwenye bakuli la sukari: kabla sijafokasi, kivuli changu kilimfunika, akaruka. Nikamfuata, akaruka. Mke wa Shabani alicheka jikoni. Nikafunga ya mia, nikarudi nyuma kidogo, nikamwona nzi yule akinawa mikono. Nilimwona taratibu, kwa raha zake, hana habari nami. Mama Imelda akatoa kwenye pochi picha ya mteja wetu, mume wa Sesilia wa Mabamba, kipande kidogo kilichojikunja kama ganda la karanga, akakiweka mezani. Ya hamsini ilimtoa. Ya mia nayo ilimtoa. "Mama," Shabani akasema, "ushauri wangu wa bure. Ya hamsini ndiyo ya studio, inakaa kwenye stendi fupi, huhangaiki. Ya mia ni ya watu wa porini."

Tuliwekewa wali na mgebuka wa kukaanga. Hapo mezani, mdomo umejaa, nikasema. Sikuzunguka. "Mama Imelda, mimi nataka ya mia. Naitaka kwa ajili ya wale nzi. Nikipata ile kazi nitaondoka." Shabani alitazama samaki wake. Mama Imelda aliendelea kutoa miiba, akaipanga pembeni mwa sahani, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikatamani anipige. Kisha akauliza, "Na mume wa Sesilia, hiyo ya mia itamwona?" Nikasema itamwona. "Masikio yake?" Na masikio. "Basi tuchukue ya mia." Nikaanza kueleza kwamba ya hamsini ingemfaa zaidi, kwamba stendi yetu, kwamba mimi labda hiyo kazi nisipate. Alinikatiza. "Ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi nilikuchukua na hiyo miguu yako, sikusema uiache mlangoni. Kula, mwana wanje, mwanangu, samaki anapoa." Njia nzima ya kurudi nilibeba kopo mapajani, na kila gari lilipotikisika nilifunika mchele kwa viganja.

Shabani alikuwa amesema kweli. Stendi yetu, iliyochongwa na seremala wa sokoni, ilikuwa na mlingoti wa urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko. Kwa ya mia, kamera ilitaka kupanda juu sana. Tulipandisha stendi kwenye meza, mimi nikapanda kwenye kiti, kichwa kikagonga dari, na bado mume wa Sesilia alionekana kidevu tu. Tukasema basi, tumtundike ukutani, kamera ikae mbali juu ya miguu yake mitatu, nipige kwa kunyoosha. Nikachukua pini. Sesilia mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye benchi na mwavuli wake, mama mfupi wa Mabamba mwenye sauti kubwa. Alipoiona ile pini alisimama. "Oya, hapana! Mume wangu si kalenda." Na alikuwa na haki, kwetu picha ya marehemu haichomwi, hata kwenye kona. Gundi nayo ingembandua uso. Tukaweka kioo juu yake kumnyoosha, dirisha likaingia ndani ya kioo, likamkaa usoni. Na ilikuwa lazima anyooke. Lenzi ya aina hii ukiikaribisha inaona wazi kwa unene wa ganda la kitunguu tu. Mbele ya hapo ukungu, nyuma ya hapo ukungu. Picha ikijikunja kidogo, pua inaonekana, masikio yanapotea, tumerudi palepale.

Mama Imelda alisimama katikati ya chumba akitazama huku na huku. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibao kilichokuwa kinafunikia mtungi wa maji, akakifuta kwa kanga. Akavuta kigoda mpaka ukutani, chini ya ile ndege, akakaa, mgongo umeegemea, kibao kimesimama magotini na kukaa kifuani. Akaweka picha juu ya kibao, akaikaza kwa ncha za vidole, pande zote mbili, bila kugusa uso wa mtu. "Haya, shusha kamera yako," akasema. Nikashusha, nikasogeza. Ndani ya kitundu cha kamera nikamwona mume wa Sesilia amenyooka kabisa, na kuzunguka kwake vidole. Lakini alipumua, na kibao kikapumua naye, ukungu ukaja na kuondoka. Nikamwambia. Akavuta pumzi, akaibana. "Ego," akasema kwa meno, yaani tayari, na mimi nikabofya.

Yule marehemu alitoka na masikio yote mawili. Sesilia alilia, akacheka, akamlaumu mumewe kwa nini alikuwa amevaa lile shati. Alipoondoka nilikuwa bado nyuma ya kamera, nimechangamka, na Mama Imelda alikuwa bado kwenye kigoda, kibao mapajani. Nikashika mpini wa kuinulia kamera, nikasema, "Na wewe nikupige basi, umekaa vizuri." Alikifunika kifua kwa kile kibao. Sijawahi kumwona akifanya jambo kwa haraka vile. "Usipandishe kamera," akasema. Baadaye, tukiwa tunamenya viazi, akanieleza, macho kwenye kisu. "Tulipovuka mpaka pale Mabamba, tukitoka Burundi, nilikuwa mtoto. Tulipangwa mstari. Kila mtu anapewa kibao cheusi kina namba ya chaki, anaambiwa akishike kifuani, anapigwa picha. Mama yangu alikuwa amekufa njiani wiki ile. Nikaambiwa nisilie, namba itatikisika. Ile ndiyo picha yangu ya kwanza. Toka siku ile nikiona kamera inanitazama, mikono yangu inatafuta kibao. Nimepigwa ya uraia, nimepigwa ya kitambulisho, zile ni za serikali, siwezi kukataa. Lakini ya hiari, hapana. Niahidi." Nikamwahidi. Niliona ni jambo dogo, kwa sababu katika umri ule nilidhani watu wako wengi na picha ziko nyingi.

Mwaka wote tulifanya kazi namna hiyo. Habari zilienea kwamba Mama Imelda sasa anatoa wafu na masikio, na watu walitoka Kakonko, walitoka kambini, mmoja alitoka upande wa pili wa mpaka na picha imeshonewa ndani ya koti. Kila kazi ilianza kwa karatasi nyeupe. Chumba kile kilikuwa cha buluu mno, na kamera ilidanganyika, watu wote wakatoka kama wamegandishwa na baridi; kwa hiyo kwanza aliishika karatasi tupu mbele ya kibao nikaipiga, ili kamera ijue nyeupe ni ipi. Halafu ndiyo anaingia marehemu. Halafu "ego". Kisha kwenye kompyuta nilikata vidole vyake pembeni, nikamkabidhi mtu wake. Kati ya kazi na kazi niliruka. Nilikwenda na bwana shamba Munanila, nikalala kifudifudi kwenye mashamba ya mihogo, nikawapiga wale nzi weupe mpaka macho, nikarudi na tope kwenye nywele na nimesahau kula. Kule porini nilikuwa mtu mzima. Kwenye kile chumba cha buluu, nikimsubiri mwanamke mmoja abane pumzi, nilikuwa mtoto anayetaka kutoka nje. Nilipiga mguu chini. "Mguu huo," alikuwa akisema, "unatikisa mpaka marehemu."

Siku moja mvua ilitufungia ndani. Kwenye kibao alikuwepo bibi mmoja aliyekatwa kwenye picha ya kwaya, na kwa kinyozi walikuwa wanabishana kama mtu aliyerudi Burundi akarudi tena Kibondo amerudi mara ngapi. Mmoja akasema, "Huyo si mkimbizi, huyo ni kondakta." Mama Imelda akacheka. Alikuwa na kicheko kisicho na sauti, kinachoanzia mabegani. Ndani ya kitundu niliona vidole vikitikisika kuzunguka yule bibi, na nikajua kwamba juu kidogo tu ya pale, nje ya ukingo wa picha, kulikuwa na uso wake wenye kicheko, uso mwembamba wenye mwanya, uliotulia, usiotafuta kibao chochote kwa sababu ulikuwa na kibao tayari na umekisahau. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini. Ilitakiwa kupandisha kidogo, upana wa kiganja. Asingejua mpaka iwe imeshapigwa. Nilikaa hivyo, mkono unanila, mvua inapiga bati. Nikauondoa mkono. "Bana pumzi, mama," nikasema. Alichukua muda kujibana, maana kicheko kilikuwa kinarudi. "Ego."

Kazi ya bwana shamba ilithibitishwa maharage ya msimu wa pili yakiwa yanavunwa. Sikujua niseme vipi, ingawa nilikuwa nimeshasema tangu siku ya mgebuka. Mama Imelda alinirahisishia. Nilimkuta anachagua mchele mpya, mkavu, anaujaza kwenye kopo, kisha anazika lenzi ya mia ndani yake kama mtu anayepanda kitu. Nikasema ile ni mali ya studio. "Studio imepata mashine," akasema; kweli, duka la vifaa vya shule karibu na hospitali lilikuwa limeleta mashine ya kuskani, unalaza picha, inatoka. "Wafu wangu watalala kwenye mashine. Wewe chukua macho yako." Nilimkumbatia vibaya, kopo likiwa katikati yetu. Nilizunguka wilaya zile, nikavuka mkoa, mradi ukaisha, nikazunguka na mingine, mpaka magoti yaliponikalisha hapa Kasulu. Nilimtembelea kila nilipopita. Alikuwa ananiwekea chakula na kiti, na mwaka hadi mwaka nilijifunza kukikalia.

Kwa hiyo baada ya simu ya Imelda nilijua sina cha kutafuta, na bado nilitafuta, maana ndivyo nilivyo. Nilitoa maboksi, nikatoa zile sidii za zamani, nyingine zimebanduka, nyingine zinasomeka. Nilikasirika. Nilijisema kwa sauti, peke yangu, ndani ya studio: ungepandisha ule mkono! Imelda angekuwa na uso wa mama yake akicheka, na wewe ulikuwa na adabu. Adabu ya nini? Mara nne nzima nilizowahi kufanya mambo kwa utulivu maishani, moja ndiyo ile, na sasa inaninyima. Nilikuwa nafungua picha na kuzifunga bila kuzitazama, wafu wa watu, mmoja baada ya mwingine, mafaili mazima kabla ya kukatwa. Nikafungua karatasi nyeupe. Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Ilikuwa imejaa kioo kizima cha kompyuta. Karatasi tupu, na kuzunguka kwake mikono ya Mama Imelda, karibu kuliko nilivyowahi kuitazama nilipokuwa naishi naye. Kucha ya dole gumba la kushoto iliyopasuka tangu utotoni ikaota na mfereji. Vidole vilivyochujuka rangi kwa dawa za kusafishia picha za enzi ya filamu. Unga wa muhogo kwenye mikunjo. Ncha zimeikaza karatasi kwa nguvu ya kutosha kuinyoosha na si ya kuikunja. Ya hamsini ingekaa kwenye stendi yake, picha ingelala chini ya kioo, na mikono hii isingekuwepo popote duniani. Nililia mpaka nikapiga chafya. Halafu nikawasha printa, nikaitoa kubwa.

Imelda aliipokea mlangoni, waombolezaji wamejaa uani, sufuria za maharage zinachemka nyuma ya nyumba. Aliisogeza penye mwanga. Baba yake mdogo, mzee mwenye koti la mvua na haki ya kusema, akachungulia begani kwake. "Hii ni nini? Uso uko wapi?" Nikaanza kueleza, maneno yakakimbiana. Watu walisogea. Mmoja akasema ni karatasi, mwingine akasema si heri tuweke tu ile ya kitambulisho, watu wanasubiri, padri anasubiri. Niliona Imelda anaanza kugeuka kumtazama yule mzee. Ndipo mwanamke mmoja akapenya katikati kwa mwavuli, mzee sana sasa, mfupi zaidi, sauti ileile. Sesilia aliinamia picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Yemwe, nyie watu," akasema, "si ni yeye huyu? Dole gumba lake hili, kucha imepasuka. Hii mikono imemshika mume wangu. Imemshika bila kumtoboa." Akageuka kwa watu. "Nani hapa mtu wake hakushikwa na hii mikono? Aseme." Kisha mama mmoja nyuma akajibu kwamba wa kwake alishikwa, na mzee mmoja kwenye benchi akainua mkono, na mwingine. Baba mdogo alivua kofia. Imelda akaingiza picha kwenye fremu mwenyewe, akafuta kioo kwa upindo wa kanga, akanipa mimi. "Wewe ndiye utakayeibeba," akasema.

Tukatoka. Msalaba mbele, mimi nyuma yake, jeneza nyuma yangu. Kwenye kona ya soko vijana walikuwa wamesimama na simu zao juu, wanatupiga. Kwa kawaida mimi hukwepa, najua pembe zote za kukwepea. Nikatazama chini nikakuta nimeishika ile fremu kifuani, kwa ncha za vidole, pande zote mbili, bila kugusa katikati. Miguu ilikuwa imesimama. Nilikuwa nimebana pumzi.

"Ego," nikasema.